Moto wa Bluu Chini ya Frigo

Tata Pontien, baba yangu wa kazi,

Sikuulizi hali. Hata ulipokuwa mzima ulikasirika mtu akikuuliza mara mbili: "Niko sawa na jana, tuongee kazi." Na najua uko wapi. Uko Lubudi, hatua chache kutoka kwenye reli, chini ya mawe ambayo mfanyakazi wa treni aliyapanga kwa mikono yake ili mbwa wasichimbe. Mimi niko hapa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, ndani ya dispensari yetu, nimekalia kile kiti chako kilichovunjika mgongo. Nakuandikia nyuma ya kadi za kliniki kwa sababu karatasi nyingine hakuna. Yule mtu wa treni anaondoka kesho, na ameniapia ataiweka barua hii chini ya jiwe la upande wa kichwa.

Naandika Kiswahili cha masista, kile ulichokuwa ukinichekea. "Albertine, weye unasemaka sawa redio." Haya, cheka.

Habari unayoingoja kabla ya nyingine zote naiweka mbele ili uache kunikatiza: moto unawaka. Frigo, lile jokofu letu la dawa, iko hai. Sasa nitaongea kwa mpangilio wangu mwenyewe, na wewe utanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwako. Samahani. Si maishani.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Miaka kumi na tisa, diploma ya masista ndani ya mfuko wa plastiki, na kiburi cha kujaza chumba. Nilidhani utanipa sindano siku hiyo hiyo. Wewe ulinionyesha sakafu. "Lala." Nikasema, Tata, nimevaa sketi nyeupe. "Lala, mwana. Sketi inafuliwaka." Nikalala kifudifudi kwenye saruji mbele ya ile frigo ndefu ya petroli, yaani mafuta ya taa, nawe ukaingiza chini yake kioo chako cha kunyolea ndevu, ukakiinamisha mpaka nikaona ndani yake taa ndogo inayowaka kule nyuma. "Rangi gani?" Njano, Tata. "Njano ni moshi. Moshi inaziba tiyo, ile bomba yake, frigo inapata moto, dawa ya batoto inakufa, na hakuna mutu anajua kama imekufa. Natafuta bluu."

Nilicheka. Moto unaotengeneza baridi! Hukucheka. Uliuzima, ukakata utambi kwa mkasi, ukauwasha, ukaniita tena chini. Siku kumi na mbili mfululizo kazi yangu ilikuwa hiyo tu, na nikirudi nyumbani mama akiniuliza mnafundishwa nini huko, namwambia: kulala chini.

Na Alhamisi! Alhamisi ya sindano mama wa Kapata walikuwa wakiwavalisha watoto kama wanakwenda kubatizwa, na ole wake asiyekuja. Ulivaa viatu vyako visivyo na kamba, ukapita mistari ya nyumba za kampuni ya mgodi mpaka mlangoni kwake. "Mama Feza, mutoto eko wapi? Niko nasikia harufu ya uvivu." Mtaa mzima unacheka, Mama Feza anatoka na mtoto mgongoni, anakutukana mpaka dispensari, na mtoto anachanjwa. Nilikuwa naona aibu kutembea na wewe. Leo natembea hivyo hivyo mimi mwenyewe, na natukanwa vizuri sana.

Kuna siku daktari wa hospitali kubwa alipita kwetu na barua yake ya kuomba vitanda. Wagonjwa wamezidi, alisema, watoto wanalazwa watatu watatu. Alitaka na wewe uweke sahihi. Ulisoma yote, hata yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, ukamrudishia. "Daktari, weye unaomba bitanda. Miye naomba petroli. Unipatie petroli, na ile bitanda uko nayo itakutosha." Daktari alicheka kwa adabu kama mtu anayemcheka mzee. Mimi pia nilidhani umezeeka.

Halafu kampuni ikaanza kuanguka. Hakuna aliyetutangazia. Posho ilichelewa, kisha ikapungua, kisha siku moja watu walipanga foleni ya unga mpaka mchana na dirisha halikufunguliwa. Lori la petroli la dispensari likawa linakuja mara moja pale lilipokuwa linakuja mara nne. Wagonjwa nao wakaongezeka. Watu walikuja kwa miguu kutoka upande wa Kingamyambo, mama wa mashambani, wafanyakazi wasio na kazi, wote kwenye benchi letu moja. Wewe ulisema tukikaa kuwangoja hapa tutashindwa, kazi iko kule wanakotoka. Ukaanza kuwafundisha makapita wa mistari, wale wasimamizi wa nyumba, wapite wakiangalia mapipa ya maji. Wazee wazima, mafundi wa mgodi, wanafunua mapipa ya wake za watu na kunusa! Kapata yote ilicheka, na kuhara kulipungua.

Halafu watu wakaanza kusema nani ni wa hapa na nani si wa hapa.

Wewe ulizaliwa Kolwezi. Kasai, mkoa wa mbali, uliijua kwa nyimbo za mama yako tu, hukuwahi kuikanyaga. Lakini baba yako alitoka huko, na mwaka ule hilo lilitosha.

Hapa kalamu inagoma, lakini naisukuma. Siku walipokuja kwako nilikuwa nyumbani, nyuma ya pazia. Vijana walikuwa wengi, wanaimba, na aliyetangulia mbele, amebeba godoro lako kichwani kana kwamba ameliokota njiani, alikuwa kaka yangu Floribert. Floribert uliyemchanja wewe mwenyewe akiwa mchanga, bado ana kovu la sindano yako begani. Mama alinishika mkono, akasema nikitoka watasema na sisi ni wa kwenu. Unajua sisi tumetoka kaskazini, Manono. Lugha ya bibi yangu na lugha ya mama yako zilisikilizana bila mkalimani, na siku ile jambo hilo ndilo lililotutia woga zaidi. Sikutoka. Nisikudanganye, Tata: mama hakunishika kwa nguvu.

Ulipita na mkokoteni, binti yako Régine akisukuma nyuma. Ulipofika usawa wa dirisha letu ulisimama. Hukuita jina langu. Ulitoa kioo mfukoni, ukakiweka juu ya ukingo wa dirisha, ukasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekabidhi zamu kazini: "Petroli inabakia ya siku tano." Kisha mkaenda kituoni, kungoja treni ya Kasai pamoja na wengine waliofukuzwa.

Siku ya nne ndipo nilipata miguu ya kuja kituo cha treni. Watu walikuwa wametandaza maisha yao yote kando ya reli. Vitanda, cherehani, kuku, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Wengine walikuwa wameingoja treni kwa majuma. Nilidhani nitakukuta umeinamisha kichwa. Mawee! Nilikukuta unagombana. Ulikuwa umeshachimbisha vyoo nyuma ya mabehewa mabovu, mbali na maji, na umeweka mama wawili wenye fimbo kwenye pipa la kunywa ili mtu asichovye kikombe chake. Mkuu wa kituo alikuwa akikufuata nyuma kama karani wako. Uliponiona hukuniuliza habari ya pazia. Uliuliza: "Rangi gani?"

Nikasema bluu, nikaanza kulia. Ukanisogeza. Ukasema nilie upande ule, hapa ni mahali pa maji.

Surua ilikuwa imeshaingia kituoni. Ulinionyesha watoto wawili, macho mekundu, pua zinatiririka, mama zao wanasema ni vumbi tu. Ukasema watoto wote walio hapa wachanjwe kabla ya Jumapili, na mama wote wenye mimba wapate sindano ya pepopunda, kwa sababu watazalia njiani, juu ya mbao za behewa, na kitovu kitakatwa kwa chochote kitakachopatikana. Nikasema, Tata, petroli inaisha kesho. Ukasema, basi leo tuna siku nzima.

Nilikwenda kwa Baba Ramazani, yule mwenye malori, ambaye wazee wake walitoka Kasongo. Unamjua, anauza samaki wa barafu, wale tunaowaita thomson, anawaweka katika chumba cha baridi kinachoendeshwa na jenereta yake mwenyewe. Nikamwambia, Baba, sina petroli, na nina chupa za dawa. Hakuuliza ni dawa ya watoto wa nani. Alisogeza katoni, akasema: "Weka hapa, binti yangu. Samaki hawatazinywa." Kesho yake akanipa na lori la kunipeleka kituoni, siku ambazo wenye malori wengine walikuwa wakipita huko vioo vimefungwa.

Nami nikaziweka chupa zote humo, pamoja na samaki. Kosa langu ndilo hilo.

Ulinifundisha mpaka ukachoka: dawa ya surua haiogopi barafu, dawa ya pepopunda ikiganda imekufa. Nilijua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu nikiwa usingizini. Lakini miaka yote hapa kwetu nilipigana na joto tu. Nililala chini kila asubuhi kuitafuta baridi, nikaishiwa petroli nikiililia baridi, na siku nilipoipata bure, ya kutosha, haikunijia akilini kabisa kwamba baridi inaweza kuzidi. Niliposhika zile chupa zimekuwa ngumu kama mawe nilifurahi. Nilifurahi, Tata! Nikaziyeyusha mkononi, nikawachoma wanawake tisa huku nikiimba.

Ulikuwa umekaa juu ya sanduku lako. Ulichukua chupa iliyobaki, ukaitikisa, ukaisimamisha juu ya goti, ukangoja. Vikashuka vipande vidogo vyeupe mpaka chini, juu yakabaki maji matupu. Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga. "Ni banamuke bangapi?" Tisa, Tata. "Enda ubaambie. Bote. Na kinywa yako."

Nikakuomba tuwachome tena bila kuwaeleza, tuseme ni sindano ya pili. Ukaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Kesho ukibaambia bachemushe mayi, nani atakuitika?" Basi nikaenda, mmoja baada ya mwingine, kati ya vyungu na magodoro, nikisema: mama, dawa niliyokupa ilikuwa imekufa, mimi ndiye niliyeiua. Mmoja alinirushia kandambili. Mmoja alicheka, akashika tumbo lake, akasema afadhali wewe umekuja kusema. Wanane niliwapata. Wa tisa, Mama Kapinga, msichana mdogo wa macho makubwa, mimba yake ya kwanza na tumbo limeshashuka, alikuwa ameondoka na treni ya asubuhi.

Ukanituma kwa daktari wa vitanda. Nilipiga magoti kweli, kwenye korido yake, kati ya watoto wenye surua waliolazwa chini kwa sababu vitanda vilijaa. Aliniangalia, akawaangalia wao, akaenda mwenyewe kwenye frigo ya hospitali na kunipa chupa zake za mwisho za pepopunda. Akasema: "Mwambie yule mzee nimeelewa." Wale wanane tuliwachoma upya, na watoto wote wa kituoni walipata ya surua kabla ya Jumapili kama ulivyotaka. Nilikuletea ujumbe wa daktari. Ulikuwa umeshika uzi na sindano, unashona kamba ya begi. Ulitabasamu na masharubu yako yote.

Siku treni yenu ilipokuja uliniomba termosi ya kubebea dawa na barafu kidogo kutoka kwa Baba Ramazani. Nikaijaza barafu mpaka juu. Ukaimwaga mbele ya macho yangu, ukaijaza maji, ukadondosha vipande vichache vikielea, ukafunga ndani chupa moja ya pepopunda. "Ya nani hiyo, Tata?" Ukasema: "Ya yule wa tisa. Nitamutafuta." Nikacheka na kulia pamoja. Kumtafuta mtu mmoja kati ya watu wote wale, kwenye reli yote ile! Ulipanda. Hukupunga mkono, ulikuwa unamfokea mtu aliyeweka mtungi wa maji karibu na mbuzi.

Baada ya hapo lori la petroli la dispensari halikuja tena kabisa. Nilivaa viatu nikapita Kapata mlango kwa mlango. Niliomba kila mstari wa nyumba ulete chupa moja kwa wiki, itoke kwenye taa zao wenyewe, kapita aikusanye. Niliwaambia ukweli wote, hata kosa langu la samaki. Niliwaambia ndani ya frigo hii chupa ya mtoto wako na ya mtoto wa kituoni zimekaa ubao mmoja, moto ni mmoja, ukizima wa mmoja umezima wa wote. Wanawake walikubali kabla waume zao hawajamaliza kuuliza.

Alhamisi iliyofuata akaja kiongozi wa wale vijana waliokutoa, na wenzake wawili. Akasimama katikati ya chumba. Akasema petroli ya watoto wa nchi haitapoza dawa ya watu wanaoondoka, na moto uzimwe mpaka nitakapoandika kwamba sitakwenda tena kituoni. Niliogopa, sitaficha. Lakini nilikuwa nimeshasimama nyuma ya pazia mara moja, na sikuwa tayari kurudi huko. Nikachukua kioo chako, nikamkabidhi. Nikamwambia: sawa, tata, lala chini uuzime mwenyewe, mimi nimevaa sketi nyeupe.

Benchi lilijaa mama na watoto. Kisha Mama Feza, Mama Feza wako wa uvivu, akasema kwa sauti ya sokoni: "Zima, tata, zima tuone. Halafu weye mwenyewe ukae hapa ukuwe frigo yetu!" Loo, kicheko! Ungekuwepo! Watoto walishtuka wakaanza kulia wote kwa pamoja. Yeye akainama, kwa kiburi, akaingiza kioo kama nilivyomwonyesha, akauona ule moto mdogo. Akabaki huko chini kwa muda. Kadi ya mtoto wake mwenyewe ilikuwa ndani ya kisanduku changu, na alijua. Aliposimama alipangusa suruali, akasema atarudi. Hajarudi. Mke wake ndiye anayerudi, kila mwezi, na mtoto.

Na Floribert. Anaishi ndani ya nyumba yako, Tata, nakuambia mimi ili usisikie kwa mwingine. Zamu yake ikifika analeta chupa, anaiweka mlangoni bila salamu, anaondoka. Sijamsamehe, na wewe usiniombe nimsamehe. Petroli yake naimimina pamoja na ya wengine, na inawaka sawasawa.

Mambo mengine yamebadilika. Daktari sasa anakuja kwetu Alhamisi, anakaa kwenye benchi na mama, anauliza habari za mapipa. Baba Ramazani ametenga pembe ya chumba chake kwa dawa ya surua tu, ameandika kwa chaki: PEPOPUNDA USIWEKE HAPA. Mkuu wa kituo bado ana mama wenye fimbo. Wagonjwa hawajapungua njiani, wanazidi, kila wiki watu wengine wanafika na mizigo. Lakini juzi daktari alinipeleka wodi ya watoto, akanionyesha kitanda kimoja kitupu, kimetandikwa, hakina mtu. Tulisimama tukakiangalia kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga.

Sasa ile siku ya habari yako. Mtu wa treni aliingia mchana, kofia mkononi, na termosi yako kwapani. Nilipoiona nilijua. Akanieleza amesimama, hakutaka kukaa.

Alisema treni yenu ilikwama Lubudi. Ulishuka, ukapita katikati ya watu walioachwa pale na treni zilizotangulia, ukiita: Kapinga, Kapinga. Ukampata ndani ya kibanda cha maturubai, uchungu umeshaanza. Chupa uliyombebea isingemsaidia tena mtoto yule, mimi na wewe tunajua, ilitakiwa majuma kabla. Basi ukachemsha wembe, ukachemsha uzi, ukanawa mikono mpaka watu wakakupigia kelele kwamba unawamalizia maji. Mtoto akazaliwa. Kisha treni ikapiga honi, na Régine akakuita kutoka mlangoni mwa behewa. Ulimwambia atangulie.

Mtu wa treni hakuelewa kwa nini mzee aache treni iliyongojwa kwa majuma. Alifikiri umechanganyikiwa. Kila alipopita Lubudi alikukuta umekaa nje ya kibanda kile kile, juu ya sanduku lako, unaangalia mtoto akinyonya. Mimi nilielewa kabla hajamaliza. Pepopunda ikimshika mtoto mchanga, titi ndilo la kwanza analoliacha, na kama haijaja katika majuma mawili ni nadra ije tena. Ulibaki kuhesabu siku za kosa langu. Pale Lubudi watu walikuwa wanahara, na wewe, uliyeyalinda maji ya kila mtu, ulikuwa umeshayamaliza yako kwenye mikono na wembe, ukanywa ya wengine, kuhara kukakushika.

Alisema hukuteseka muda mrefu. Alisema ulimpa maneno ya kunipa, machache mno, na aliona haya kuyaleta kwa sababu hayakuwa na kwaheri ndani yake: "Ambia Albertine, siku kumi na ine, mutoto eko nanyonya."

Nililala chini kwenye saruji, Tata, na si kwa ajili ya frigo.

Watu wengine wananiambia ni kosa langu umekufa. Wengine wananibembeleza kwamba si kosa langu. Wote wananichosha. Nilikosea, nikasema kwa kinywa changu kama ulivyoniamuru, na wewe ukachagua mwenyewe kushuka kwenye treni, kichwa kigumu ulivyokuwa. Nina hasira na waliokutoa nyumbani kwako. Nina hasira na wewe pia, ungeweza kumfundisha bibi yeyote pale kuhesabu mpaka kumi na nne. Ungekuwa Kasai sasa, unagombana na watu wa huko kuhusu vyoo. Nakukosa kila asubuhi, na hasa Alhamisi.

Lakini wasidhani wametushinda. Walikufukuza wewe, na kazi yako hii hapa, imejaa kwenye benchi mpaka nje, inanitukana.

Sitakuja Lubudi kulia. Nitakuja na termosi. Daktari ameshaandika, Baba Ramazani anatoa lori mpaka kituoni, mtu wa treni ananipa nafasi kwenye behewa lake safari ijayo. Wote waliokwama huko nitawachanja, hata wenye kunirushia kandambili. Barafu nitaiacha ielee ndani ya maji. Kapinga nitampa chupa mpya badala ya ile yake, ili mtoto wa pili asimhitaji mtu wa kukaa juu ya sanduku. Na kila msichana atakayekuja kwangu na diploma yake ndani ya plastiki, siku ya kwanza nitamweleza habari ya wanawake tisa, kisha nitamwonyesha sakafu. Hayo nakuahidi.

Nenda salama, Tata. Asubuhi hii nimelala chini, nimeingiza kioo chako, nimekiinamisha.

Bluu.

Albertine wako, Kapata